Rosa Mistika darasani: neno kali na mwanafunzi wa sekondari

Wengi katika kitivo chetu watamaliza masomo na kuingia darasani wakiwa walimu wa lugha. Siku moja kila mmoja wao atafika kwenye ukurasa utakaomfanya asite. Msichana anapigwa hadi kutoka damu. Askari anatukana. Mtu mwenye cheo anamfungia mlango mwanafunzi. Mbele ya mwalimu wamekaa vijana arobaini wenye umri wa miaka 15 hadi 18, wengine wanacheka chinichini, wengine wameinamisha kichwa. Je, auruke ukurasa huo, akifunge kitabu, au asome?

Swali hili si la maadili peke yake. Ni swali la somo letu, kwa sababu linahusu neno: linafanya kazi gani ndani ya matini, na linaposemwa kwa lugha nyingine linabaki neno lilelile au linageuka? Makala hii inatetea kwamba vijana wa miaka ya mwisho ya sekondari wafundishwe fasihi yenye maneno makali na mambo ya kutisha, kwa sharti moja: ukali huo uwe unataja jambo ambalo lugha ya adabu hulificha. Pale ambapo ukali ni pambo tu, mwalimu hana sababu ya kuupigania. Tutaanza na riwaya ya Kiswahili iliyowahi kukatazwa shuleni, kisha tutatazama hali ya mji wetu, hoja za wanaopinga, na mwishoni namna ya kuliendesha somo lenyewe.

1. Kisa cha Rosa Mistika

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Tanzania, akafariki Januari 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali. Kijana aitwaye Charles anapomwandikia barua, baba anampiga binti yake vibaya sana. Rosa anakwenda shule ya sekondari ya wasichana akiwa hajafundishwa lolote kuhusu wanaume ila kuwaogopa. Huko, na baadaye katika chuo cha ualimu, anakutana na wanaume wenye vyeo na fedha wanaojua kutumia ujinga wake. Anatoa mimba. Mwisho wa safari yake anajiua.

Kitabu hiki kilikatazwa kufundishwa shuleni. Lawama ilikuwa kwamba kinazungumza waziwazi mno kuhusu ngono, utoaji mimba na kifo cha kujiua. Lakini baada ya muda kilikubaliwa, kikawa miongoni mwa vitabu vya kawaida vya shule za sekondari za Tanzania na Kenya. Riwaya iliyohesabiwa kuwa sumu ikawa somo.

Mabadiliko hayo yanahitaji maelezo. Tukiisoma riwaya kwa makini tunaona kwamba haimsifu Rosa kwa aliyoyafanya, wala haimpi raha yoyote inayodumu. Inayemshitaki ni mwingine: baba aliyedhani kipigo ni malezi, na wanaume wenye madaraka waliopaswa kumlinda msichana wakamtumia. Kwa maneno mengine, washitakiwa wa riwaya hii ni watu wazima, na wanaokaa kuamua kama kitabu kifundishwe pia ni watu wazima: wazazi, wakuu wa shule, walimu. Hatusemi kwamba kila anayekataza kitabu ana jambo lake la kuficha. Wengi huongozwa na huruma kwa watoto. Hata hivyo, kila kitabu kinapokatazwa ni haki kuuliza: ukimya huu unamlinda mwanafunzi, au unamlinda yule ambaye kitabu kimemtaja?

Mjadala huu haukwisha katika miaka ya 1970. Mwezi Februari 2023 wizara ya elimu ya Tanzania ilikataza shuleni orodha ya vitabu vilivyoonekana kwenda kinyume na maadili na mila, na miongoni mwake ulikuwamo mfululizo wa vitabu vya watoto vya Diary of a Wimpy Kid. Nchi iliyokwisha kukubali Rosa Mistika bado inajadili mpaka uwekwe wapi. Ndivyo ilivyo kila mahali, na ndiyo maana mwalimu anahitaji kipimo chake mwenyewe.

2. Neno kali ni lipi?

Watu wanaposema kitabu kina maneno makali, mara nyingi wanachanganya mambo matatu.

La kwanza ni tusi: neno linalotupwa kumdhalilisha mtu. La pili ni neno la mwili: jina la kiungo au la tendo ambalo kwa heshima hatulitamki mbele ya wakubwa. La tatu ni neno la ukatili: kubaka, kuchinja, kutesa, kutoa mimba. Tusi hulenga kuumiza. Neno la mwili halina ubaya ndani yake. Ubaya wake hutegemea nani analisema, wapi na mbele ya nani. Neno la ukatili lenyewe halimuumizi mtu. Linaripoti kwamba kuna aliyeumizwa.

Kuna pia riwaya ambazo mambo yake ni mazito lakini maneno yake ni ya upole. Le Bel immonde ya V. Y. Mudimbe, iliyotoka mwaka 1976, inasimulia uhusiano wa waziri na mwanamke wa baa katikati ya uasi na siasa za mauaji. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha hapa Lubumbashi katika miaka hiyo, anaandika kwa Kifaransa kilichochujwa sana. Msomaji anayetafuta matusi hatayaona, lakini mambo yaliyomo si mepesi hata kidogo. Basi kuhesabu maneno machafu si njia ya kupima uzito wa kitabu. Kipimo cha namna hiyo kingepitisha vitabu vya kutisha na kuzuia vile vinavyofundisha.

3. Tafsida nayo ina hatari yake

Tumezoea kufundisha kwamba tafsida ni adabu ya lugha. Ni kweli. Hatusemi fulani amekufa, tunasema amefariki au ametutoka. Lakini tafsida ina upande wa pili, na sarufi inauonyesha vizuri. Tutazame sentensi tano, ambazo hazikutoka katika riwaya yoyote bali tunazisikia kila siku:

(a) Msichana yule aliharibika.
(b) Msichana yule alishika mimba.
(c) Msichana yule alipewa mimba.
(d) Mwalimu wake alimpa mimba.
(e) Mwalimu wake alimbaka.

Katika (a) kitenzi kiko katika kauli ya kutendeka. Kauli hii inaeleza hali bila mtendaji, kama tunavyosema sahani imevunjika au maziwa yamemwagika. Msichana anageuka kitu kilichopata kasoro. Katika (b) yeye mwenyewe ndiye kiima na ndiye mtendaji: alishika, kana kwamba alinyoosha mkono akachukua. Katika (c), kauli ya kutendwa inatukumbusha kwamba kuna aliyetenda, lakini jina lake halitajwi. Katika (d) mtendaji anaonekana, ila kitenzi ni kile cha kutoa zawadi. Ni katika (e) tu ambapo sentensi ina mtendaji, mtendwa na jina halisi la tendo.

Sentensi ya (e) ndiyo kali kuliko zote, na ndiyo ambayo mwalimu angeiruka. Lakini ikiwa lililotokea ni ubakaji, (e) peke yake ndiyo sentensi ya kweli. Sentensi (a) na (b) zina adabu na zinasema uongo. Kijana anayefundishwa (a) na (b) tu, siku akitendewa uovu atajieleza kwa sarufi inayomhukumu yeye mwenyewe: niliharibika.

Sheria ya nchi yetu ilikwisha kuliona jambo hili. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyorekebisha kanuni ya adhabu kuhusu makosa ya ukatili wa kingono, inayataja makosa hayo moja moja kwa majina yake. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, yaani karibu kila mwanafunzi wa sekondari. Sheria hizi hazimsaidii mtoto asiye na maneno. Hakuna hakimu awezaye kumhukumu mtu kwa kosa la “aliharibika”. Fasihi inayotaja mambo kwa majina yake humpa kijana msamiati kabla hajauhitaji.

4. Lugha tatu za mwanafunzi wetu

Mwanafunzi wa Lubumbashi haishi katika lugha moja. Fasihi anaisoma shuleni kwa Kifaransa. Nyumbani Katuba, Kenya, Kamalondo au Ruashi anasema Kiswahili cha mji wetu. Kiswahili sanifu anakisikia kanisani, katika vitabu vichache na kutoka kwa majirani wa mashariki. Uzito wa neno kali haufanani katika lugha hizi tatu.

Kwa Kifaransa neno la aibu hupita bila kelele. Mwanafunzi anaweza kusoma kwa sauti sentensi inayotaja kiungo cha mwili au tusi la mitaa ya Paris bila kutikisika, kwa sababu neno hilo kwake ni neno la kitabu. Hakuwahi kutukanwa nalo na mamake wala kulisikia katika ugomvi wa jirani. Mwambie aitafsiri sentensi hiyo kwa Kiswahili cha nyumbani, darasa litanyamaza au litalipuka kwa kicheko. Maana ya neno ni ileile. Kilichobadilika ni umbali kati ya neno na mwili wa msomaji.

Ahmadou Kourouma, mwandishi wa Kodivaa, aliujua umbali huu na kuufanyia kazi katika Allah n’est pas obligé ya mwaka 2000. Msimulizi wake, Birahima, ni mtoto askari katika vita vya Liberia na Sierra Leone. Anatembea na kamusi nne na kumweleza msomaji maneno, lakini katikati ya usimulizi anaapa na kutukana kwa Kimalinke. Msomaji wa Kifaransa anaupata mdundo wa matusi kuliko makali yake. Mmalinke anayapata yote mawili. Matusi hayo si pambo. Ni mtoto aliyenyimwa kila kitu isipokuwa ulimi. Yakiondolewa, atabaki mtoto mwenye adabu anayesimulia mauaji, na picha hiyo ndiyo ingekuwa ya kutisha zaidi kwa sababu ni ya uongo.

Kitabu hicho kilipata tuzo ya Renaudot mwaka 2000. Mwaka huohuo kilipata pia Goncourt des lycéens, tuzo ambayo waamuzi wake ni wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Vijana waliopewa nafasi ya kuchagua walichagua kitabu chenye matusi na vita, huku vitabu vingine vya mwaka huo vikiwa mbele yao. Hilo halithibitishi kwamba kila kijana yuko tayari kwa kila kitabu, lakini linakanusha dai kwamba vijana hawawezi kutofautisha neno kali lenye kazi na uchafu.

Kutokana na hayo tunapata funzo moja la ualimu. Mwalimu anayefundisha mambo mazito kwa Kifaransa asidhani utulivu wa darasa ni uelewa. Huenda ni umbali tu. Na anayeyafundisha kwa Kiswahili asidhani kicheko ni utovu wa adabu. Huenda ni dalili kwamba neno limefika.

5. Je, ni jambo geni kwetu?

Wanaopinga vitabu hivi mara nyingi husema ni mambo ya kigeni, kwamba wazee wetu hawakuwafunulia vijana mambo ya watu wazima. Historia ya Katanga haikubaliani nao.

Kwa Wabemba, ambao lugha yao inasemwa pande zote mbili za mpaka wetu na Zambia, msichana aliyevunja ungo alipitishwa katika chisungu. Audrey Richards aliishuhudia sherehe hiyo mwaka 1931 na kuandika kitabu juu yake mwaka 1956. Wanawake wazima walimfundisha msichana kwa nyimbo, michezo na vinyago vya udongo viitwavyo mbusa mambo ya ndoa, uzazi na mwili. Mafundisho hayakuwa ya kuficha. Lakini yalikuwa na wakati wake, mahali pake, na mwalimu wake mwenye jina na wajibu. Wazee hawakuuliza kama kijana aambiwe. Waliuliza aambiwe lini, na nani, kwa utaratibu gani.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa mji huu waliuza picha iliyojulikana kwa jina la Colonie belge. Inaonyesha mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa kiboko, afisa mweupe anasimamia, damu inaonekana. Picha hiyo haikuwekwa makumbusho. Ilitundikwa sebuleni, juu ya kiti cha baba, watoto wakila chini yake. Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huu, aliichora mara nyingi, na kati ya 1973 na 1974 alichora picha zipatazo mia moja za historia ya nchi kwa ajili ya Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuoni kwetu. Picha za namna hii ziliitwa ukumbusho. Familia hazikuzitundika kwa kupenda damu. Zilizitundika ili mtoto aulize, na mzee apate nafasi ya kueleza.

Mifano hii miwili inatupa kanuni ileile: jambo la kutisha likiwa na mtu wa kulieleza ni elimu.

6. Hoja za wanaopinga

Hoja zao tusizidharau. Tutazijibu nne.

Ya kwanza ni uigaji: kijana atafanya alichokisoma. Hofu hii inaeleweka, lakini inasahau kwamba kijana wa leo ana simu. Matusi, ngono na mauaji anayaona huko bila sababu, bila matokeo na bila mwalimu. Riwaya nzuri humwonyesha kilichotangulia na kilichofuata. Rosa Mistika haiishii kwenye dansi. Inakwenda hadi kaburini.

Ya pili ni haki ya mzazi. Mzazi ana haki ya kujua mtoto wake anasoma nini na kwa nini. Hana budi kuambiwa mapema, kwa lugha anayoielewa, si kukutana na kitabu begini. Haki ya kujua si haki ya kuwanyima watoto wa wengine kitabu, lakini mwalimu anayeificha orodha yake ya vitabu amekwisha kuipoteza hoja.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: katika kila darasa huenda yuko mwanafunzi ambaye ukurasa huo ni maisha yake. Wapo waliokimbia vita, waliokulia kwenye machimbo, waliopigwa, waliolazimishwa. Kwa huyo, neno ambalo kwa mwenzake ni somo ni kidonda kilichoguswa. Hoja hii haitoshi kuzuia kitabu, kwa sababu huyohuyo ndiye anayehitaji zaidi kusikia kwamba kosa halikuwa lake. Lakini inatosha kumkataza mwalimu kukifundisha ovyo.

Ya nne haisemwi sana, nayo ni ya hali yetu. Vitabu ni vichache. Mwalimu hupiga fotokopi kurasa tatu au nne, ndizo darasa husoma. Sasa fikiri kurasa hizo ziwe zile za Rosa akitoa mimba, bila ukurasa wa baba akimpiga kwa ajili ya barua. Mwanafunzi atakuwa amesoma kitabu kingine kabisa, hadithi ya msichana mbaya aliyepata malipo yake. Fotokopi inaweza kumgeuza shahidi kuwa mshitakiwa. Hapa tunakubaliana na wapinzani kikamilifu: ukurasa wa kutisha usitolewe bila chanzo chake. Kama karatasi hazitoshi kwa yote mawili, afadhali mwalimu asimulie riwaya nzima kwa mdomo na asome kurasa chache za pande zote mbili.

7. Mpaka uko wapi?

Kipimo kisichokataa chochote si kipimo. Tujaribu chetu kwa kitabu cha mwenzetu. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981. Riwaya yake Tram 83 ilitoka Paris mwaka 2014, tafsiri yake ya Kiingereza ikapata tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015. Mambo yake yanatendeka ndani ya baa ya mji wa migodi usiotajwa jina, ambao msomaji wa hapa hachukui muda kuufananisha na anaoujua. Wachimbaji, watalii, wanafunzi, wanajeshi na wasichana wadogo wanaojiuza wanapishana, na maneno ya wasichana hao yanarudiwarudiwa kama kiitikio cha muziki.

Wapo wanaoisifu kwa lugha yake ya jazi. Wapo wahakiki Waafrika walioilaumu kwa namna inavyowachora wanawake, wakisema wanabaki sauti za baa bila maisha yao wenyewe. Pande zote mbili zina la kusema. Marudio yale yanaweza kusomwa kama lawama kwa mji unaomgeuza mtoto bidhaa. Yanaweza pia kusomwa kama utani, na kijana wa miaka 15 atayasoma hivyo, kwa sababu riwaya hii haimsaidii: haina Rosa, yaani haina msichana ambaye tunamfuata kutoka nyumbani hadi kwenye mlango wa baa.

Kwa hiyo tungeisoma Tram 83 chuo kikuu, na pengine vipande vyake katika mwaka wa mwisho wa sekondari, kando ya maandishi mengine kuhusu migodi. Hatungeipa darasa la chini yake. Sababu si kwamba ina maneno mengi machafu. Ni kwamba kazi ya kutofautisha ushahidi na pambo imeachiwa msomaji peke yake, na kazi hiyo inataka msomaji aliyekomaa.

8. Namna ya kuliendesha somo

Tunapendekeza utaratibu ufuatao kwa Rosa Mistika au kitabu cha aina yake, katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari.

Kabla ya somo. Mwalimu asome kitabu kizima, si muhtasari. Aorodheshe kurasa nzito na kwa kila moja aandike sentensi moja: neno hili linataja nini? Akishindwa kuandika sentensi hiyo, ukurasa usiingie. Amjulishe mkuu wa shule na wazazi. Awaambie wanafunzi siku moja kabla kwamba kesho watasoma kuhusu kipigo au kuhusu ukatili wa kingono, ili asiwepo wa kushtukizwa.

Wakati wa somo. Ukurasa mzito ausome mwalimu mwenyewe. Asimlazimishe mwanafunzi, hasa msichana, kuutamka mbele ya wenzake. Kicheko kikitokea, asikemee kwanza, aulize, “Tumecheka neno au tumecheka jambo?” Maswali yote yawe juu ya matini: nani anasema, anamwambia nani, msimulizi anasimama upande gani, sentensi inamtaja mtendaji au inamficha? Swali moja lisiulizwe kamwe: “Nani kati yenu yamemfika?” Hata kwa nia njema, swali hilo linamvua mtoto nguo mbele ya watu.

Baada ya somo. Mwanafunzi aliyeguswa ajue aende kwa nani: mwalimu wa kike anayeaminika, mshauri wa shule, mzazi. Mwalimu aliyefundisha asimwite mwanafunzi peke yake nyuma ya mlango uliofungwa kuzungumzia riwaya hiyo. Inasikitisha kulazimika kuliandika sharti hili, lakini katika riwaya yenyewe hatari inatoka kwa watu wa elimu, na mwalimu anayefundisha Rosa Mistika lazima mwenendo wake ukubaliane na anachokifundisha.

Katika mtihani. Tusiulize “Je, Rosa alistahili yaliyompata?” Swali hilo linamtaka mwanafunzi kuwa hakimu wa maiti. Tuulize badala yake: “Onyesha nafasi ya Zakaria katika anguko la bintiye.” Jibu lake linataka ushahidi wa matini, nalo linapimika.

Hitimisho

Tulianza na mwalimu anayesita mbele ya ukurasa. Kusita kwake si udhaifu. Anayesoma ukurasa kama huo bila kusita pengine hajausoma. Lakini baada ya kusita anapaswa kuuliza neno lile linafanya nini, kisha aamue. Likitaja alichotendewa mtu na aliyekitenda, alifundishe, kwa utaratibu na kwa huruma. Likiwa limewekwa kusisimua tu, aliache, na asione haya kuliacha. Wanafunzi wetu wanaishi katika mji ambao mambo haya yapo mitaani, nyumbani, na mara nyingine shuleni kwenyewe. Wanachokosa ni sentensi zenye mtendaji.

Maswali ya zoezi

1. Chagua habari fupi ya magazeti au redio kuhusu ukatili dhidi ya msichana. Ainisha vitenzi vyake kwa kauli: ya kutenda, ya kutendwa, ya kutendeka. Ni wapi mtendaji ametoweka?

2. Tafsiri aya moja nzito ya riwaya ya Kifaransa kwa Kiswahili sanifu, kisha kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Ni neno gani lilikusumbua katika kila lugha, na kwa nini?

3. Chagua kitabu kimoja ambacho usingekifundisha sekondari. Eleza sababu bila kutumia maneno “kichafu”, “kibaya” wala “maadili”.